Masaa Matatu Juu ya Kreni

4 Februari

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kuliko mchanga wa saiti. Mimi mzima, chuma kinachotumika hakishiki kutu. Mama yako mzima pia. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini mdomo haujambo kabisa. Natumai nawe unakula na unalala.

Naandika barua kwa sababu simu katika nyumba hii ni mkutano wa hadhara. Sikio langu la kushoto lilikufa kwa kelele za mitambo, kwa hiyo lazima niweke spika, na ukisema shikamoo tu mama yako anaitikia kutoka jikoni.

Habari ya kwamba umechaguliwa kujifunza kreni ya mnara nimeitangaza stoo nzima. Nimewaambia, mnashangaa nini? Mjomba wake ni Mwewe. Mwanangu, waliponitoa juu wakaniletea funguo za stoo si kwamba nilichoka. Hakukuwa na mwingine wa kuaminiwa na misumari.

Ukiwa juu ikumbuke siku ya tufani. Mabati yanaruka kama karatasi, mvua inanyesha kwa ubavu, na mimi niko peke yangu mita sitini kutoka ardhini. Masaa matatu. Wenzangu wote wamekimbilia chini ya kontena. Mimi nimeishika kreni kwa mikono yangu miwili isizunguke, mkate wangu wa mchana uko mdomoni. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mfunga mizigo wetu. Alikuwa ameshika mguu wa ngazi huku chini, anatetemeka kama jani, analia, "Shemeji utakufa." Nikashuka napiga mluzi. Nikamwambia, shemeji, chai iko wapi?

Basi nenda ukawaoneshe. Piga picha ukiwa juu, niibandike kwenye dirisha la stoo.

Mjomba wako,
Mwewe wa Angani


26 Februari

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima, nikisema hivyo ujue nimepimwa. Msalimie Mama, lakini barua hii usimsomee.

Siku ya tisa nikiwa juu nilikuwa nainua ndoo ya zege. Hakuna upepo, hakuna mvua, hali shwari. Ghafla moyo ukaanza kupiga kama mtu anayegonga mlango wa choo. Vidole vikaingia ganzi. Koo likafunga. Kioo cha sakafuni ninachotazamia chini kikawa kama kinanivuta. Mjomba, si kwamba nilifikiri nakufa. Nilijua nakufa, kama ninavyojua jina langu. Nikaitua ndoo, nikadanganya kwenye redio kwamba tumbo linauma, nikashuka ngazi zote nikiwa siioni miguu yangu.

Nilikwenda zahanati. Daktari akanifunga nyaya kifuani, akasema moyo wangu unaweza kuvuta lori. Akasema hili linaitwa shambulio la hofu. Mwili unapiga king'ora cha moto wakati hakuna moto. Haliui. Linapanda, linafika kileleni, linashuka lenyewe, mara nyingi dakika kumi au zaidi kidogo. Akasema wengi wanalo, wapo wanaofanya kazi nzito nalo, na linatibika kwa kujifunza kulikalia. Kinacholinenepesha ni kulikimbia na kulificha.

Akaniambia nimweleze mkufunzi wetu. Huyu mama tangu siku ya kwanza alisema, "Nikisikia mtu ana jambo huko juu, namshusha, namfundisha, namrudisha. Nikigundua mtu ameficha, namfukuza." Mtihani wa kibali ni tarehe 22 Aprili. Bila kibali nimerudi nyumbani.

Sasa nataka jibu moja tu. Je, wewe liliwahi kukupata? Hata mara moja? Kama lilimpata Mwewe, kesho yake nitakwenda kwa mkufunzi nimwambie kichwa juu. Kama halikukupata, basi nitajua nimechukua ya Baba.

Mpwa wako


9 Machi

Mpwa wangu,

Salamu. Sisi wazima. Barua yako niliisoma nyuma ya magunia ya saruji, mama yako hajui kitu.

Jibu ni hapana. Halijanipata, na likijaribu litapotea njia. Mimi na hofu tulikutana siku moja tu, ile ya tufani, ikaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, ikaenda zake.

Hao madaktari wa siku hizi kila kitu wana jina lake. Zamani mtu alisema moyo umenienda mbio, akapewa maji, yakaisha. Damu ya baba yako ilikuwa nyepesi, hilo hatumsingizii, lakini wewe una ya upande huu pia, na huu ndio upande mzito.

Kumwambia mkufunzi usithubutu. Nisikilize mimi niliyezeekea saiti. Ukisema tu "naogopa", hata miaka ishirini ipite, ukipita watu watapiga miluzi. Watakupa jina, na jina la saiti halitoki hata kwa petroli. Anayesema "niambie sitakufukuza" ni sawa na paka anayemwambia panya toka tuongee.

Likikujia fanya hivi. Bana ulimi kwenye meno. Usitazame chini. Imba wimbo wowote kichwani, wimbo wa shule hata. Na kazi iendelee, usiache mkono, kwa sababu ukiuacha limekushinda. Hivi ndivyo nilivyofanya mimi.

Yaani, hivi ndivyo ningefanya.

Mjomba wako,
Mwewe wa Angani


3 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumai Mama hajambo na magoti yake. Mimi nipo.

Nimefanya ulivyosema. Sijamwambia mtu. Nabana ulimi mpaka una kidonda upande mmoja. Naimba. Limenijia mara sita nikiwa juu na hakuna aliyejua, kwa hiyo ungejivuna.

Ila sasa linanifuata na chini. Limenikuta dukani kwenye foleni ya sabuni, nikaacha sabuni nikatoka. Limenikuta bafuni. Zamani niliogopa kwenda juu, sasa naogopa kuja kuogopa, sijui kama hiyo nayo ina jina. Zahanati sijarudi, kwa sababu barabara yake inapita mbele ya ofisi ya mkufunzi.

Kuna kitu kingine nataka unifundishe. Hapa tumeambiwa upepo ukizidi, breki ya kuzungukia inafunguliwa, kreni inaachwa izunguke yenyewe kama jogoo wa bati anayefuata upepo juu ya paa. Ukiishika, mnara unavunjika. Wewe ulisema uliishika kwa masaa matatu. Nimewauliza wazee wawili, wakacheka. Nikawaambia nyie hamumjui mjomba wangu. Ulifanyaje? Mikono uliiweka wapi?

Mpwa wako


11 Aprili

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Hao wazee waambie kreni za zamani zilikuwa na breki za kiume. Hizi zenu za sasa ni vitoto vya kuchezea, ukizikoholea zinalia. Maswali ya mikono tuyaache, mikono ilikuwa mikononi.

Nakutumia kwa dereva wa lori letu glavu za ngozi. Ndizo zilizokuwa juu siku ile. Zivae tarehe 22, utaona. Wenzangu nimeshawaambia umefaulu, kwa hiyo usinitie aibu.

Na mambo ya tufani usimuulize mama yako. Anahuzunika akikumbuka marehemu.

Mjomba wako,
Mwewe wa Angani


2 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Tarehe 22 imepita siku kumi. Kinyozi ananiuliza, fundi cherehani ananiuliza, kila anayekuja kuchukua misumari ananiuliza. Nimewaambia umepandishwa kreni kubwa zaidi hata muda wa kuandika huna. Niandikie basi mstari mmoja tuwe tumesema kweli.

Mjomba wako,
Mwewe


20 Mei

Mpwa wangu,

Jana mkufunzi wako alimpigia mama yako. Spika ilikuwa imewekwa. Nilisikia yote, ya mzee aliyeumia mkono na ya wewe kufukuzwa, nikiwa nimesimama na kikombe mkononi.

Mama yako anasema hutaki kuongea na mtu. Basi usiongee, soma tu. Barua hii naiandika mara ya nne, zile tatu nilipofika mahali pa kusema nikaanza kusimulia mambo mengine.

Sikuishika kreni. Hakuna anayeweza kuishika. Upepo ulipoanza, foromeni aliita kwenye redio, "Fungua breki, shuka." Breki nilifungua. Kushuka sikuweza. Lilinijia lile lile uliloniandikia, la mlango wa choo, la koo, la vidole. Nilikumbatia mguu wa kiti nikiwa sakafuni juu ya kioo. Nilipiga kelele kwenye redio mpaka wakaizima kwa huruma. Haikuwa masaa matatu. Zilikuwa dakika arobaini.

Waliokimbilia chini ya kontena ni kweli walikimbia. Mmoja hakukimbia. Baba yako alipanda ngazi ile katika mvua, mita sitini, akiwa na mkanda mmoja wa usalama. Alifika akanifunga mkanda huo mimi. Yeye akabaki bila. Alikuwa chini yangu ngazi nzima, anaushika mguu wangu wa kulia anauweka kwenye kipago, kisha wa kushoto anauweka, kama unavyomvisha mtoto viatu. Kila kipago alisema, "Huu tayari, shemeji. Bado mwingine." Suruali yangu ilikuwa imelowa, na si kwa mvua peke yake. Alinivalisha koti lake nilipofika chini, likanifika magotini, wengine wasione. Akasema, "Hii ni siri ya wawili." Wale wengine walijua nilikwama, hawakujua zaidi ya hapo, na mwaka ule ule kampuni ilifungwa wakatawanyika kila mtu na njia yake.

Sikupanda tena kitu chochote. Hata kubadilisha balbu namwita mtu. Stoo hii niliiomba mwenyewe kwa kampuni mpya, kwa magoti.

Hadithi niliianza taratibu. Baba yako alipokuwa hai nilisema tu kwamba nilishuka peke yangu. Alikuwa anakaa pale kwenye kochi, anacheka, ananiongezea chai. Ile ya kutetemeka kama jani niliiongeza alipokufa. Hadithi ilikuwa imepoa, ikahitaji mtu wa kuogopa.

Ulikuwa na miaka tisa, umekaa mapajani mwangu. Uliniuliza, "Kweli Baba alilia?" Nikasema sana.

Glavu nilizokutumia ni zake. Ndizo alizopandia.

Uliniuliza swali moja. Ningejibu "ndiyo", neno moja hilo, mkono wa yule mzee ungekuwa mzima na wewe ungekuwa na kibali. Nililiandika. Kwenye ile barua ya Machi nililiandika kwanza, kisha nikachukua karatasi nyingine.

Mjomba wako


15 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mimi naendelea.

Nitakueleza ya tarehe 22 mara moja tu, ili usije ukayasimulia kwa namna yako. Nilikuwa nateremsha fungu la nondo. Chini alikuwa Mzee Kipenga, ndiye mpiga ishara wetu, anatuongoza kwa filimbi na mkono. Ni mtu wa matani, alikuwa ananiita "bosi wa mawinguni". Lilinijia mzigo ukiwa mita moja kutoka chini. Redio ilikuwa hapa, mdomoni. Maneno matatu yalitosha: simamisha, ninaumwa, nashuka. Mimi nikabana ulimi nikaanza kuimba. Nikaendelea na kazi, nisiuache mkono, kwa sababu ukiuacha limekushinda. Vidole vilikuwa na ganzi, ndani ya zile glavu kubwa sikujua vimeshika nini wala vimesukuma wapi. Nondo zikaanguka ile mita moja. Mkono wake ulikuwa juu ya boriti, anaisawazisha.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Nilipofika chini alikuwa amekaa kwenye tofali, amevifunga kwa shati. Akanitazama akaniuliza, "Bosi, ulikuwa unaumwa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Si ungesema?"

Mkufunzi hakunipigia kelele. Alisema angenipangia majuma mawili kwenye kreni ya chini inayoendeshwa kwa rimoti, kisha angenipandisha kidogo kidogo, yeye mwenyewe akiwa kabini nami. Ameshawafundisha wanne hivyo. Mmoja wao ndiye aliyenisahihishia mtihani. Akasema, "Sikufukuzi kwa hofu. Nakufukuza kwa siri."

Sasa nauza tiketi kwenye kibanda cha vivuko, kidirisha kimoja, mlango mmoja. Kila Alhamisi naenda zahanati. Nafundishwa kupumua polepole, kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta, na kutolifukuza. Juzi lilinijia watu wakiwa foleni. Nikamwambia aliye mbele, "Nisubiri kidogo, nina hofu, itapita." Akasema sawa, akaweka kapu chini. Nikalitazama kwenye saa. Dakika kumi na moja. Likaondoka, nikamkatia tiketi yake. Nilikuwa nimepitisha miezi yote ile nikililipia kwa ulimi wangu, na kumbe lilitaka dakika kumi na moja na mtu wa kuweka kapu chini.

Umeandika "ningejibu ndiyo". Mimi pia nina mdomo, daktari alinieleza na mkufunzi alinieleza, nikakuchagua wewe. Hilo ni langu na nimelibeba. Lakini la Baba siwezi kulibeba. Nilikuwa namwonea aibu, Mjomba. Miaka kumi na tano. Shuleni tuliambiwa tuandike habari za wazazi wetu, nikaandika habari zako.

Sitaki pole yako. Nataka Jumapili, wakija hao wanaokuja kukusikiliza baada ya mpira, uisimulie ile ya kweli, mbele ya Mama, kwa sauti ile ile. Kabla hujafanya hivyo usiniandikie.

Glavu nabaki nazo. Si zako.

Binti wa mfunga mizigo


8 Julai

Mpwa wangu,

Salamu. Nimesimulia, ndiyo maana nimeandika.

Jumapili walikuwepo kinyozi, fundi cherehani, karani wetu wa stoo na jirani wa upande wa pili. Mama yako alikuwa kwenye kiti chake, anapepeta mchele. Kinyozi akasema kama kawaida, "Mwewe, tupeleke angani." Nikaanza. Nikasema upepo, nikasema redio, wakatulia. Nikasema nikawa sakafuni nimekumbatia mguu wa kiti. Kinyozi akapiga goti, akacheka. Nikasema shemeji alikuwa ananiweka miguu kwenye vipago kimoja kimoja. Wakacheka mpaka karani akamwaga chai. Nikafika kwenye suruali. Fundi cherehani akafuta machozi akasema, "Hii mpya ni tamu kuliko ile ya zamani." Nikasema, jamani, hii ni kweli. Jirani akajibu, "Ile ya zamani nayo si ulisema ni kweli?"

Miaka ishirini na mbili nimewafundisha mwenyewe jinsi ya kunisikiliza. Wamefuzu.

Mama yako hakucheka. Aliweka ungo chini. Akasema, "Suruali ile unadhani nani aliifua?"

Akasema baba yako aliileta imeviringishwa kwenye gazeti, akamwambia, ifue na usiniulize. Hakuuliza. Nikamwambia, dada, ulijua siku zote, mbona hukumwambia mtoto? Akasema, "Nilingoja useme wewe. Kila Jumapili nilisema labda leo. Kisha akakua, akasema anataka kreni, nikaona aibu kwamba nilingoja mno." Akainuka. Akachukua kikombe changu kutoka mkononi, chai ikiwa nusu, akaenda nacho jikoni. Tangu siku hiyo hatujaongea ila salamu na "chakula tayari". Anakuandikia, au amekuandikia, sijui. Bahasha niliiona, sikuuliza.

Likanijia pale pale kwenye kochi. Hili nalo sikukuambia. Halikuniacha tangu siku ya tufani. Stoo nina kibao nimekiandika "Narudi sasa hivi". Watu wanadhani nimekwenda kuhesabu mabomba. Huwa nafunga dirisha, nakaa nyuma ya saruji, nakimbizana nalo nikiwa nimekaa.

Jumapili sikuwa na kibao. Kinyozi akaniuliza, "Mwewe, mbona jasho?" Nikamwambia, "Naogopa." Wakacheka tena, ila safari hii kidogo, kisha wakaanza kukumbuka kwamba wana shughuli. Nikabaki peke yangu na saa ya ukutani. Nikatoa pumzi polepole kama ulivyoandika. Sikuimba.

Dakika kumi na nne. Halafu likaondoka lenyewe, kama mgeni aliyekosa wa kuzungumza naye. Miaka ishirini na mbili, mpwa wangu, nilikuwa sijawahi kukaa nalo mpaka mwisho, kwa hiyo sikujua kwamba lina mwisho.

Mzee Kipenga nimemwandikia. Hajajibu. Nilishaibandika gundi bahasha ndipo nikakumbuka ni mkono upi ulioumia, ule wa kuandikia.

Glavu hazikuwa zangu, ni kweli.

Mjomba wako,
wa stoo